Kifungu cha Tisa

Walimwita Usukani kwa sababu timu ilikwenda alikotaka yeye. Kwa mchezaji wa mpira wa kikapu hakuwa mrefu. Timu ikipiga picha alisimama pembeni kama nukta mwishoni mwa sentensi. Lakini mpira ukiwa mkononi mwake, wanaume wanaoinama kupita mlangoni walikimbilia pale alipowaelekeza kwa jicho tu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameicheza katika klabu moja, sita ya mwisho akiwa nahodha, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumsema vibaya. Kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu alilikanda dakika kumi nzima, na wachezaji vijana walishajua kwamba dakika hizo si za utani.

Kwa misimu mitatu mfululizo walitolewa nusu fainali, na kila mara kwa ugonjwa ule ule: hawakuwa na mtu chini ya kikapu. Mpira ukigonga ubao na kurudi, anayeudaka ni mpinzani. Kocha alilijua hilo, magazeti yaliliandika, na mzee aliyeuza tiketi getini alimwambia Usukani waziwazi kwamba wao ni timu ya warembo, na warembo hawagombanii mpira.

Kazi ya kuutibu ugonjwa huo ilikuwa ya meneja wa usajili, yule anayetafuta wachezaji, anayewasainisha mikataba na kubadilishana na klabu nyingine. Meneja huyo alikuwa shemeji yake Usukani. Walicheza pamoja ujanani, mmoja akitoa pasi, mwingine akifunga. Ni Usukani aliyemleta nyumbani siku moja baada ya mazoezi, mdogo wake wa kike akawatilia chai, na haukupita mwaka na nusu ikaja posa. Baba yao alikuwa amekwishafariki, kwa hiyo Usukani ndiye aliyekalia kiti cha baba, akauliza maswali ya baba na kumkabidhi mdogo wake. Baadaye shemeji alipovunjika bega na kuaga mchezo, ni Usukani tena aliyemsemea kwa wakubwa wa klabu apewe kazi ofisini. Alianza kwa kupanga kanda za mechi kwenye kabati. Sasa alikuwa na ofisi yake ghorofani, yenye dirisha linalotazama uwanja wa mazoezi, na ukutani ubao mweupe uliojaa sumaku, kila sumaku ikiwa na jina la mchezaji.

Siku ya tatu ya mapumziko ya msimu, shemeji alimwita ofisini, akafunga mlango na kuweka sumaku moja mpya katikati ya ubao. Iliandikwa Nguzo. Usukani alimfahamu, nani asingemfahamu. Alikuwa mtu wa klabu ya kaskazini, mji ulio mwendo wa saa tisa kwa basi, na msimu uliopita alidaka mipira mingi chini ya kikapu kuliko mchezaji yeyote wa ligi. Klabu yake ilikuwa tayari kumwachia kwa mabadilishano, lakini yeye mwenyewe alikuwa mgumu. Hakuwa tayari kwenda mahali asipomjua mtu.

Shemeji alisema wachezaji hawamsikilizi mtu aliyevaa tai. Alimwomba Usukani asafiri, akakae na Nguzo siku mbili, azungumze naye kama mchezaji na mchezaji mwenzake. Usukani hakusita. Alikuwa akiitaka fainali ile kama mtu anayetaka kumaliza nyumba aliyoianza mwenyewe.

Alimkuta Nguzo nyumbani kwake akitengeneza redio. Mtu mzima wa futi karibu saba, ameinamia skrubu ndogo kama punje za mchele, hasemi. Siku ya kwanza Usukani alipata kwake sentensi tano, mbili kati ya hizo zikiwa salamu. Asubuhi ya pili walikwenda kwenye uwanja wa saruji nyuma ya shule, wawili tu. Usukani akaanza kumtupia mipira: ya juu, ya kudunda, ya nyuma ya mgongo, kila mara Nguzo akiruka anaukuta mpira pale pale mikono yake inapofika. Baada ya saa nzima Nguzo aliketi chini, akafuta uso kwa fulana, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Nikija, na wewe upo?" aliuliza.

"Niende wapi? Mimi watanizika pale."

Nguzo alitikisa kichwa kukubali. Alieleza kwamba mama yake anatibiwa katika mji ule wa akina Usukani, na kwamba kwa kweli siku nyingi alikuwa anatafuta sababu ya kuja. Kilichomzuia ni woga tu wa kuwa mgeni. Kwa kuwa sasa alikuwa na mwenyeji, angekubali.

Usukani alirudi na habari hiyo kama mwindaji anayerudi na paja begani. Shemeji alimkumbatia. Kisha akamwambia limebaki jambo moja dogo. Ligi ilikuwa na kikomo cha mishahara, na ili mshahara wa Nguzo uenee chini ya kikomo hicho, mkataba wa nahodha ulitakiwa uandikwe upya, malipo ya miaka miwili yatandazwe katika miaka mitatu. Hakuna atakachopoteza, alisema. Usukani akamwambia alete kalamu. Karatasi zilikuwa kumi na nne, shemeji akifunua na kuweka kidole: hapa, na hapa, na hapa pia.

Mkewe Usukani alikuwa mfamasia wa hospitali, mtu asiyemeza hata kidonge cha kichwa bila kusoma karatasi ya ndani ya pakiti. Jioni hiyo alimuuliza kama alisoma alichosaini.

"Yule ni shemeji yangu," alijibu, "si mwenye nyumba." Wakacheka, wakaendelea na mambo yao.

Majuma matatu yakapita. Kila Jumapili, kama ilivyokuwa desturi yao, mdogo wake Usukani alikuja kula chakula cha mchana pamoja na watoto wake wawili. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watoto hata akiongea na watu wazima. Mumewe hakuja Jumapili hizo; alisingizia kazi, na kweli dirisha la usajili lilikuwa wazi. Mkewe Usukani aliona wifi yake amepungua maneno. Mara aliuliza kama watoto wa kaka yake wanaipenda shule yao, au kama wangeweza kuzoea nyingine. Jumapili ya tatu, wakati wa kuaga, alimshika kaka yake shingoni na kukaa hivyo kwa muda, mpaka kaka akamtania kwamba hajafa bado, asubiri. Yeye hakucheka.

Ilikuwa siku ya Jumanne alasiri. Usukani alikuwa amelala kwenye kitanda cha mkandaji, chini ya ukumbi wa mazoezi, mfuko wa barafu umefungwa gotini, simu yake ilipoita. Alikuwa Nguzo.

"Kaka," alisema kwa sauti yake ile ya taratibu, "niko ofisini kwetu huku. Nimepewa karatasi ya mabadilishano niisaini. Mimi nakwenda kwenu. Upande wa wanaokuja huku kuna majina mawili. La kwanza ni yule mlinzi wenu wa akiba. La pili ni lako."

Usukani alimwambia ni makosa ya uchapaji. Nguzo akamsomea jina lote, majina matatu, na tarehe ya kuzaliwa. 

"Uliniambia utakuwepo," Nguzo akasema.

"Hata mimi nilidhani hivyo," Usukani akajibu. "Usisaini kwanza. Nipe robo saa."

Hakuwa na hofu bado. Mkataba wake ulikuwa na kifungu cha tisa, nacho alikijua kwa moyo kwa sababu alikipigania mwenyewe baada ya kutimiza miaka minane klabuni: klabu haiwezi kumhamisha bila ridhaa yake kwa maandishi. Alipanda ngazi akichechemea, barafu ikimdondokea mguuni na kuacha alama za maji kila kidato. Alifikiri kuna mtu mwingine ghorofani aliyefanya ujanja huu, pengine mwenyekiti, na kwamba shemeji yake atashtuka kuliko yeye.

Shemeji hakushtuka. Alimwona, akaitazama ile barafu, akamwomba aketi. Ubaoni nyuma yake sumaku ya Nguzo ilikuwa katikati. Ya Usukani haikuwepo.

Usukani aliuliza kuhusu kifungu cha tisa. Shemeji akafungua droo, akatoa mkataba mpya na kumgeuzia. Usukani akafunua mpaka namba tisa. Kiliandikwa kwamba mchezaji atatunza sare na viatu alivyopewa na klabu, na atavirudisha msimu ukiisha.

Alikisoma mara mbili. Kisha alijikuta akitazama viatu vyake.

Shemeji alianza kueleza, na maelezo yake yalikuwa na mpangilio, kama ya mtu aliyeyafanyia mazoezi. Goti lile lina msimu mmoja, labda na nusu. Vipimo vya daktari vinasema hivyo. Klabu ya kaskazini isingemtoa Nguzo bila kupewa mkataba mkubwa wa kusawazisha hesabu za mishahara, na mkataba mkubwa kuliko yote ulikuwa wa nahodha. Timu itapata mtu chini ya kikapu, itapata pia nafasi ya kumsajili mlinzi mpya mwenye miaka ishirini na miwili. Kama angekuwa mtu mwingine, alisema, Usukani mwenyewe angeukubali mpango huu na kuusifu. Kazi ni kazi.

Kilichomuuma Usukani ni kwamba mpango ulikuwa mzuri. Aliuona kama anavyoona nafasi uwanjani kabla mtu hajaikimbilia. Yeye mwenyewe, akipewa ubao ule na sumaku zile, huenda angefanya vivyo hivyo.

"Ulinituma nikamlete," alisema.

"Usingemleta wewe, asingekuja."

"Nimepanda basi saa tisa kwenda, saa tisa kurudi. Nimekula kwa mtu. Nimempa neno langu. Wewe ulikuwa unajua."

Shemeji aliangalia meza. "Ningekuuliza, ungekataa."

 Usukani alitoa simu mfukoni, akapiga, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi. Nguzo akapokea.

"Saini," Usukani alimwambia.

"Na wewe?"

"Mimi nakuja huko. Mama yako yuko huku, wewe hukumkosea mtu. Saini, ndugu yangu. Watunze hawa, hawajui kugombania mpira."

Akakata. Chini ukumbini mipira ilikuwa ikidunda.

"Ungeniuliza," alimwambia shemeji yake. "Sasa hutajua kamwe ningesema nini."

Wala yeye mwenyewe hakujua. Alilifikiria jambo hilo kwa miezi mingi baadaye, siku nyingine akiamini kwamba angekubali, siku nyingine akijua wazi kwamba angepasua ubao.

Mkewe, alipopata habari, hakusema nilikuambia. Aliuchukua mkataba, akavaa miwani na kuusoma wote karatasi kumi na nne mezani, taratibu, kana kwamba kuna mgonjwa wa kuokoa. Alipomaliza aliuweka chini na kusema umeandikwa vizuri, hakuna pa kuushika. Kisha akauliza swali ambalo Usukani hakuwa amelifikia bado: mdogo wako anajua?

Kesho yake asubuhi mapema, kabla watoto hawajaletwa, Usukani alikwenda chekechea. Mdogo wake alikuwa darasani akipanga viti vidogo vya rangi. Alipomwona kaka yake mlangoni aliendelea kupanga, kiti baada ya kiti, mpaka vikaisha.

"Ulijua lini?" Usukani aliuliza.

Mdogo wake hakujitia hamnazo. Alisema mumewe alimweleza ile siku Usukani aliposafiri kwenda kaskazini.

"Kwa hiyo Jumapili zote tatu."

"Aliniapisha, kaka. Alisema neno likitoka, mpango unavunjika na yeye anafukuzwa kazi. Wanangu watakula wapi?"

"Walikuwa wanakula kwangu," alisema. "Jumapili zote tatu walikula kwangu."

Hakupandisha sauti. Mdogo wake alikaa kwenye kimojawapo cha vile viti, magoti yakamfika kifuani, akalia kwa kujibana kwa sababu mzazi wa kwanza alikuwa anafungua geti. Usukani alimtazama. Alikumbuka alivyomfundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake huku ameshika kiti, akiapa hataachia. Alitaka kumwinua. Mikono haikutii. Alimsalimu mzazi yule pamoja na mtoto wake, akatoka.

Shemeji alikuwa amemtenda kama meneja anavyotenda, na mtu aweza kumchukia meneja akalala usingizi. Jambo la mdogo wake lilikaa mahali pengine. Lilikuwa kama mwiba wa samaki kooni. Hali chakula, hanywi maji, bila kuusikia.

Alihamia kaskazini peke yake. Mkewe asingeweza kuacha kazi ya hospitali ghafla, na mtoto wao mkubwa alikuwa na mitihani. Alipanga vyumba viwili juu ya duka la vinyozi, akanunua godoro, sufuria na pasi. Ukumbi wa klabu mpya ulivuja kwenye kona, na mvua ikinyesha walicheza wakiikwepa ndoo.

Meneja wa usajili wa kule alikuwa mama wa makamo, aliyewahi kuwa mwamuzi, mwenye mazoea ya kuweka filimbi shingoni hata ofisini. Siku ya kwanza alimkaribisha, akampa maji, kisha akamwambia, "Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sisi hatukukuomba wewe. Tulimwomba yule mlinzi wa akiba. Wewe uliongezwa ili hesabu za mishahara zikae sawa."

Usukani alimtazama mama huyo, na bila kutarajia akacheka. Alicheka mpaka akashika goti. Mama akauliza kama amemkosea.

"Hapana," alisema. "Ni muda sijaambiwa ukweli na mtu wa ofisini."

Basi wakaelewana. Usukani alicheza dakika kumi na tano, ishirini kwa mechi, na kila Alhamisi aliketi na mama mwenye filimbi kutazama kanda za wachezaji, nani wa kumtafuta, nani wa kumwachia. Alikuwa na jicho. Alimwonyesha mlinzi mmoja wa ligi ya chini ambaye hakuna aliyemjali, wakamsajili, na ndani ya wiki sita akawa anaanza kila mechi.

Katikati ya msimu ukaja mpango. Walikuwa na mtupaji wa mbali aliyeitwa Saa Mbovu, kwa kuwa mitupo yake iliingia mara mbili kwa siku, kama saa iliyosimama inavyopatia. Klabu moja tajiri ilimtaka, ikiamini mkono wake unaweza kurekebishwa, na kwa malipo ingewapa wachezaji wawili warefu, wazuri kweli. Usukani aliukubali mpango, ila akaweka sharti: Saa Mbovu aambiwe kabla, uso kwa uso. Mama alimwonya kwamba mambo ya usajili ni kama maziwa jikoni, ukigeuka tu yamemwagika. Usukani akasisitiza. Mwishowe mama akasema haya, mwambie wewe.

Alimwambia kwenye ngazi za ukumbi, mchana kweupe. Saa Mbovu alisikiliza, machozi yakamtoka, akamshukuru kwa kumheshimu. Kabla ya saa kumi na mbili jioni alikuwa amekwishampigia wakala wake, na wakala amekwishaipigia redio. Klabu tajiri, kwa kuona mipango yake inatangazwa kama bei za sokoni, ikajitoa. Wale warefu wawili wakaenda kwingine.

Mama mwenye filimbi hakuzungumza na Usukani wiki nzima. Saa Mbovu alibaki, akapoteza raha ya kucheza, na hatimaye akaanza kuwaambia wenzake kwamba ni Usukani aliyetaka kumuuza na redio ndiyo iliyomwokoa. Usukani alisikia, akameza. Walimaliza wa pili kutoka mkiani. Mtu akimuuliza kama angefanya vile tena, alisema ndiyo, lakini alichelewa kidogo kulitoa neno hilo.

Fainali ilichezwa alasiri ya Jumamosi. Aliitazama chini kwa vinyozi, kwenye runinga iliyofungwa juu ya kioo. Klabu yake ya zamani ilishinda. Nguzo alidaka mipira kumi na tisa na hakuna mpinzani aliyethubutu kusogea. Yule mlinzi mpya wa miaka ishirini na miwili aliendesha timu vizuri, ila mara mbili alichelewesha pasi, na mara zote mbili Usukani aliinyoosha mikono yake mwenyewe kuutoa mpira. Kinyozi alimuuliza kama anawajua watu wale. Alisema aliwahi kukaa nao. Wachezaji waliporuka na kukumbatiana, kamera ikamwonyesha shemeji yake pembeni ya uwanja, amelegeza tai, amejifunika uso kwa mikono. Usukani hakuweza kujua kama ni furaha au ni nini. Aligundua hataki kujua.

Nguzo alimpigia siku iliyofuata. Alisema sentensi nne, na ya nne ilikuwa kwamba mipira ya huyu mpya haifiki pale. Usukani alimshukuru.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, akasikia hodi. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na mfuko mmoja wa safari, macho mekundu ya safari ya basi. Alikuja peke yake. Alisema mumewe hajui, kisha akajisahihisha: anajua, lakini hakumwomba ruhusa.

Usukani alimkaribisha. Alipasha maji, akamtafutia kiti kizuri, yeye akakaa kwenye ukingo wa godoro. Waliongea habari za mama yao na presha yake, habari za watoto, jino la mdogo lililong'oka shuleni likapotea kwenye mchanga, wakalitafuta darasa zima. Mdogo wake alilisimulia kwa sauti yake ile ya chekechea, na Usukani akacheka mahali pa kucheka. Watoto wanamuulizia mjomba, alisema. Wanataka kujua kwa nini Jumapili hawaendi tena.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia mama yenu alikosea."

Usukani alikizungusha kikombe mkononi. Mdogo wake akaweka chake chini, akashuka kitini na kupiga magoti sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa mtoto na kaka yake akimzidi nguvu.

"Nisamehe, kaka."

Alimshika mikono yote miwili, akamwinua, akamkalisha tena. Alitafuta neno. Alilotaka kulisema halikuwa tayari, na kwa ajili ya yote yaliyopita hakutaka kumpa neno ambalo si la kweli.

"Nimekusikia," alisema.

Mdogo wake alilielewa neno hilo lilivyo, wala hakuomba lingine. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akauliza kama anaweza kukaa mpaka kesho. Usukani alisema akae mpaka Jumapili, mabasi ya Jumapili huwa na nafasi. Kisha alitazama saa, akachukua mkoba wake, akamwonyesha chumvi iko wapi na namna ya kuufunga mlango ule, maana komeo lake lilitaka kuinuliwa kidogo kwanza, akateremka ngazi kwenda mazoezini.